Jina la Baba Mkwe Ndani ya Mashine

Kompyuta ya zamani ikipata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Juzi niliisikia kwenye duka langu la kompyuta, nikarudi Ifakara ya miaka ya tisini, kwenye ofisi ya misheni, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeishia darasa la tano. Sisemi haya mnionee huruma. Pale nilijifunza kuliko darasani.

Bruda aliyetunza ile mashine alikuwa na kiti kimoja tu cha mwanafunzi. Akaniambia, "Mchezo wako ukifanya kazi Ijumaa, kiti chako. La sivyo, nampa mtoto wa karani."

Mchezo wenyewe: mtumbwi unavuka mto Kilombero, kiboko anaufuata. Mtumbwi niliupa jina la baba, Kaspari, maana kila msimu alivuka kwenda kwenye mpunga, na hakuna aliyepiga kasia kama yeye. Niliandika yote kwenye daftari. Nusu ya kwanza nikaichapa mwenyewe. Ya pili nikamwachia wifi, mke wa kaka yangu, Mnyakyusa aliyeletwa kwetu na treni kutoka Mbeya. Yeye alichapa barua za misheni, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

Alhamisi tukawasha. Kiboko akatembea, mtumbwi ukaganda ukingoni. Mashine haikulalamika. Ile ya kwetu, ukiitajia jina isilolijua, ililihesabu sifuri na kuendelea na kazi. Nilisoma daftari mara nne, sikuona kosa. Mwisho nikamwambia wifi anisomee kilichopo kwenye kioo, mimi nifuate kwa kidole daftarini.

Akasoma polepole. "Kiboko akifika alipo baba, baba amekufa."

"Baba gani? Hapa nimeandika Kaspari."

"Wifi, ulitaka nimtaje baba mkwe?"

"Kuchapa si kutaja."

"Kwenu labda. Tena nimtaje halafu nimuue na kiboko. Wewe mtoto una roho ngumu."

Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Nilijua. Nyumbani nilimsikia kila siku akimwita baba, au mzee. Nilidhani tu kwamba mashine haina ukwe.

Nikamwita mshamba, nikamwondoa kitini, nikafuta "baba" kila mstari na kuweka Kaspari. Ijumaa mtumbwi ukavuka. Bruda akauliza jana ulikwama kwa nini, nikajibu kwamba wifi alibadilisha majina. Kiti nikapata. Wiki iliyofuata barua akapewa mwingine kuchapa, wifi akarudi kupalilia mpunga. Alinipakulia wali kama kawaida, na ukoko juu.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii ili watu wacheke. Mpaka nilipoajiri vijana wangu mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba kosa lilikuwa langu, limekaa daftarini kabla wifi hajagusa kitu: nilichagua jina nikijua fika nani atalichapa. Siku hizi kijana akiniletea programu iliyokwama, swali langu la kwanza ni nani mwingine ameishika. Wananiona mama msumbufu.

Wifi nilimwomba radhi mara moja, tukiwa jikoni kwake, nami nimeshakuwa mtu mzima. Akasema yale yaliisha, kisha akanituma nikamwangalie mzee kama ameshakula.