Vénérand Awataja Wafalme wa Bukemba

Vénérand alikuwa mtunza historia wa baraza la mwami, yaani mfalme, wa Bukemba, milimani juu ya Ziwa Tanganyika, kama baba yake na babu yake kabla yake. Kazi yenyewe ilikaa kichwani: kila mwami aliyekalia kiti, mama aliyemzaa, vita vyake, njaa ya zama zake. Vita vilipowafukuza yeye na mkewe Félicité, wakafika Durban na begi moja, wafalme wote alikuja nao.

Mjini hapa alilinda magari ufukweni South Beach. Akipita kati ya magari midomo ilicheza, na madereva walidhani anasali. Kumbe anawataja wafalme, wasije wakampotea.

Mwaka 1999, Serge, Mkongomani mwenzake mwenye duka la simu mtaani Point, alituma mtu amwite mbio. Mwami mzee alikuwa amefariki, na mwanawe angesimikwa Jumapili. Desturi ya Bukemba haina mchezo: mtu hakalii kile kiti mpaka waliomtangulia watajwe mbele ya watu, mmoja mmoja, bila kukatishwa. Na katika ukoo wa watunza historia, vita havikubakiza mwingine. Marie-Jeanne, mama wa mwami mpya, alipiga mwenyewe kwa simu ya satelaiti ya mfanyabiashara mmoja. Alimtaka awataje kwa simu; Jumapili wangeisogeza kwenye kipaza sauti, uwanja mzima usikie.

Vénérand alicheka hadi machozi. Kisha yule mama akashusha sauti. Baba wadogo wa kijana walitaka Nakalonge arukwe, mwanamke aliyeshika kiti zamani mwanawe akiwa bado mchanga. Walisema mwanamke hahesabiwi.

"Mama," akajibu Vénérand, "nikimruka huyo, ukoo unakatika. Mtoto wako atakuwa mwami wa kutoka wapi?"

"Utaje vile ulifundishwa," akasema Marie-Jeanne. "Mimi nitasimama karibu ya kipaza sauti."

Jumapili, baada ya misa, watu walifurika dukani mpaka barabarani. Simu ikalia. Vénérand akasimama wima kama yuko uwanjani kwao, akaanza. Kwa kila jina watu wa kule walijibu, "Alikaa!" ngoma ikapigwa, na watu wa Point wakadakia mpaka vioo vikatetemeka. Mara laini ikakatika. Serge akabonyeza namba jasho likimtoka. Laini ilipopatikana, Vénérand aliambiwa aendelee alipoishia. Akakataa. Akaanza upya tangu wa kwanza, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Alipofika kwa Nakalonge alilitamka jina polepole, pamoja na la mama yake. Kule kukawa kimya. Félicité akamshika mkono mumewe. Ndipo sauti moja, ya Marie-Jeanne, ikajibu, "Alikaa!" Zikafuata za wanawake wengine, kama mvua inavyoanza kwenye mabati, kisha za wanaume, kisha ngoma.

Hakupumzika mpaka jina la mwisho. Kijana akaletwa kwenye simu, akihema.

"Papa Vénérand, nimekaa kabisa," akasema. "Baba wadogo wamenuna, lakini wamekaa pia."

Watu wakambeba Vénérand mabegani hadi barabarani. Robot, taa ya barabarani, ikawaka kijani na taxi zisiweze kupita. Félicité alifuata nyuma akilia na kucheka, akiwasihi wamshushe taratibu, koti ni la kuazima.

Jumatatu alirudi kwenye magari yake, sauti imemkauka. Madereva aliwasalimia kwa mkono tu, na kutwa nzima hakuacha kutabasamu.