Nyayo Zilizoishia kwa Bibi

Wimbo wenyewe nilikuwa nimeuvumilia wiki nzima. "Kibibi toa ng'ombe, kibibi toa!" Nilidhani ni mchezo wa watoto. Siku hiyo nilirudi kutoka sokoni Tarime na beseni la dagaa kichwani, miguu inawaka moto, nikausikia tena nyuma ya nyumba. Nikazunguka. Binti yangu Bhoke, wa darasa la kwanza, na wenzake watatu walikuwa wamemzunguka bibi yangu kwenye kigoda chake, wanamwaga majivu kuzunguka miguu yake ili asitoroke. Bibi alikuwa ameshika bakuli la uji.

"Bhoke amekataa uji wangu," aliniambia, kama vile kosa ni lake. "Anasema nimetia dawa."

Hapo nikaishiwa uvumilivu. Beseni likaenda chini, dagaa wakatapakaa, watoto wa watu wakatimka kila mmoja na njia yake. Bhoke nilimshika mkono. Nani kamfundisha upuuzi huu?

"Tumeonyeshwa shuleni, mama. Kwenye katuni. Mwizi ni bibi kizee, ana jicho kama la Bibi." Jicho la kushoto la Bibi lina ukungu. "Halafu Nyangi na fisi wake wanammwagia majivu, wanamkamata."

Nyangi? Nilikaa chini palepale juu ya dagaa. Nyangi wa ng'ombe waliopotea nilimjua zamani sana, Bhoke hajafikiriwa hata.

Wenzangu, mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nakumbuka kitabu chenye huyo Nyangi. Nilikuwa darasa la tano kule Busawe. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniazima hadithi ya upelelezi isiyo na jalada, iliyokaa karibu na kopo la mafuta ya taa mpaka kurasa zikanyonya harufu yote. Hakukidai, nami sikukirudisha. Kila mchana nikitoka shule tulikaa kando ya ghala, Bibi anapukuchua mahindi, mimi namsomea kwa sauti. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu: nikisoma, sipukuchui. Nilisoma polepole sana.

Kwenye kitabu, ng'ombe kumi na wawili wanaibwa. Kwetu ng'ombe wakiibwa watu hufuata nyayo, na zikiishia kwako, wewe ndiye unayejibu, mpaka uonyeshe zilipotokea kwenda mbele. Nyayo za kitabuni zikaishia kwa mjane mzee anayeishi peke yake. Kijiji kizima kikasema ameficha wezi. Msichana mmoja tu, Nyangi, akakataa, akawa anauliza maswali sura baada ya sura.

Bibi hakuhitaji sura zote hizo. Tulikuwa sura ya pili alipoweka gunzi chini.

"Nani alitangulia mbele ya wafuata nyayo?"

"Bibi, mimi nitajuaje?"

"Rudi nyuma utafute."

Nikarudi. Alikuwa mzee mmoja wa heshima, mwenye fimbo.

"Basi ni huyo. Yeye mbele anaona nyayo. Wenzake wanaona mgongo wake."

Nilimnunia, nikamwambia ananiharibia hadithi. Lakini sura ya tisa ilisema vilevile: mzee yule ndiye aliyewaswaga ng'ombe, akawapitisha mtoni, kisha akawaongoza watu kwa mjane kwa nyayo za ng'ombe wengine kabisa. Nilishangilia, nikamwita Bibi mpelelezi. Hakucheka. Aliniambia nirudie ukurasa ambao kijiji kinamwomba mjane msamaha. Kesho yake akautaka tena, na keshokutwa. Nilichoka jamani. Nilidhani uzee unamsahaulisha, nikawa naruka mistari ili niwahi kucheza.

Nilikuwa kidato cha tatu shangazi aliponiambia. Kabla sijazaliwa, mwaka uleule Bibi alipofiwa na mume, nyayo ziliishia kwake. Walichukua ng'ombe wake wote kufidia. Wezi walikuja kujulikana baadaye, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwomba radhi. Ule ukurasa ndio msamaha pekee Bibi aliowahi kuupata, nami nilikuwa naruka mistari yake.

Basi nikaenda shuleni, nikaomba nionyeshwe hiyo katuni. Sitadanganya, ni nzuri. Rangi zinapendeza, ng'ombe wana pembe za ng'ombe kweli, na yule fisi, ambaye kitabuni hayumo, alinichekesha. Mwanzoni wameandika kabisa kwamba imetoka kwenye kitabu. Mwisho sasa! Mzee wa fimbo ndiye anayempa Nyangi zawadi. Mwizi ni mjane, na jicho lake bovu, anacheka kama mchawi.

"Mama Bhoke, ni katuni tu," mwalimu aliniambia. "Kile kitabu kina maneno mengi, watoto wangesinzia."

"Wangesinzia, sawa. Wasingemwaga majivu."

Mwalimu mkuu akasema kama nina malalamiko, niyaandike. Nikayaandika, nikayapeleka, yakagongwa muhuri wa kupokelewa. Yanasema hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU KATUNI ILIYOBADILISHA MWIZI. Mwalimu Mkuu, mimi ni mzazi wa Bhoke, darasa la kwanza. Nalalamika kwamba wanafunzi walionyeshwa katuni ambayo mwizi wa kitabuni amefanywa mtu mwema, na asiye na kosa amefanywa mwizi. Mtu wa namna hiyo asiye na kosa ninaishi naye nyumbani. Siombi katuni ifutwe. Naomba darasa lisomewe sura ya tisa yote, pamoja na ukurasa wa msamaha, bila kuruka mstari. Kitabu nitakileta mimi. Siku hiyo naomba Bibi yangu apewe kiti cha mbele. Walalamikaji ni wawili. Mimi nimetia saini. Bibi hakusoma, ameweka dole gumba."