Mtani wa Mzee Saturnini

Winfrida hakujaliwa mdomo mdogo. Kwao Chinongwe watu walikuwa wakisema binti huyu ukimpeleka msibani, hata marehemu atamjibu. Mdomo huo ndio uliomwondoa dukani kwa mjomba wake, maana aliwaambia wateja ukweli kuhusu mchele. Na mdomo huohuo ndio uliomuuguza bibi yake miaka mitatu: alimwosha, alimgeuza kitandani, alimtania, mpaka bibi akafa akiwa katikati ya kicheko. Kwa hiyo alipopata kazi ya uhudumu katika makao ya wazee, nje kidogo ya Nachingwea, alijiapia kuufunga. Aliweza kwa siku mbili.

Tuseme haki, makao yale hayakuwa mabaya. Shuka zilikuwa safi, maji ya kuoga yalichemshwa, na hakuna mzee aliyelala na njaa kwa kukosa chakula. Msimamizi Modest, mtu mwema mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa amebandika karatasi ukutani: mhudumu atatumia lugha ya staha wakati wote. Basi kutwa nzima ilikuwa shikamoo mzee, pole mzee, tulia mzee, usijisumbue mzee. Heshima ilijaa mle ndani mpaka mtu ukakosa pa kukohoa.

Katikati ya heshima hiyo Mzee Saturnini alikuwa anaisha. Alikuwa mkulima wa korosho kule Nkowe, mkewe akafariki, mtoto mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Msumbiji, ndipo akaletwa pale. Alikuwa akila vijiko vitatu vya uji, kisha anageukia ukuta. Kila Jumatatu alipimwa uzito, na kila Jumatatu alipungua. Alipofika kilo arobaini na moja, Modest alisema akipungua tena atahamishiwa hospitali, na kwa umri ule Winfrida alijua wazi kwamba anayekwenda huko hivyo harudi.

Siku ya tatu alipompelekea uji, mzee alimtazama kwa jicho moja.

"We binti, ntu wa wapi?"

"Chinongwe, babu. Mmakua."

Mzee alimkagua kama anayechagua jiwe la kurusha. Kisha akasema, "Mimi Myao."

Winfrida akamwangalia vizuri. Kwenye paji la uso wa mzee palikuwa na chale iliyofifia, mfano wa mwezi mwandamo, ileile aliyokuwa nayo bibi yake. Na Wayao wengi ni Waislamu; Myao gani anaitwa Saturnini? Huyu alikuwa Mmakua mwenzake kutoka unyayo hadi utosi. Lakini huku Mmakua na Myao ni watani: wanatukanana bila kugombana, wanachukuliana vitu bila kuombana, na siku ya mazishi mtani anaweza kulala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mzee alikuwa anamsubiri, bakuli mkononi, macho yakimcheza. Winfrida akaelewa anachoombwa, na moyo ukamuuma, kisha ukafurahi.

"Ndiyo maana uji unakushinda," akasema. "Wayao tangu lini mkajua kula? Lete nimpe mbuzi."

"Mbuzi akila uji wa Mmakua atakufa," mzee akajibu, akavuta bakuli kifuani. "Umepika au umefua nguo humu?"

Akalimaliza lote, makusudi, ili lisiende kwa mbuzi.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo dawa. Winfrida hakuacha kumkata kucha, kumsugua mgongo wala kumpaka mafuta miguuni, ila sasa kila kazi ilikwenda na matusi yake. Mzee naye akawa anaamka mapema ili awahi kutukana kwanza. Alianza kutembea na fimbo hadi jikoni, eti kuhakikisha Mmakua hamwekei sumu. Wazee wengine wakawa wanavuta viti karibu. Modest aliona mizani inapanda, akadhani ni uji wa ulezi, akaagiza mwingine.

Halafu akaja Bi Valentina. Alitumwa na shirika linalowaletea magodoro, kukagua jinsi wazee wanavyotunzwa, na alikuwa mkaguzi wa kweli: alipapasa shuka, akanusa vyoo. Alipofika mlangoni kwa Mzee Saturnini alimkuta mhudumu anampokonya mzee kofia kichwani.

"Ukifa leo, hii yangu," mhudumu alikuwa anasema. "Na kaburini nalala, sitoki bila kuku."

Bi Valentina aliandika bila kukaa chini. Robo saa baadaye Winfrida alikuwa amesimama ofisini, kofia ya mzee bado iko mkononi.

"Hili ni la kusimamishwa kazi," Modest alisema kwa huzuni. "Sema kitu."

"Ni mtani wangu. Myao."

Modest, kwa nia njema kabisa, akafungua faili. Kisha akaligeuza taratibu ili wote wasome. Kabila: Mmakua.

Winfrida angeweza kusema kwamba mzee ndiye aliyedanganya. Lakini kumwita mzee wa watu mwongo mbele ya mgeni, kwa uongo mtamu namna ile, hakuweza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alinyamaza.

Fimbo ikagonga mlangoni. Dirisha la ofisi lilitazama barazani, na masikio ya Mzee Saturnini hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Nilidanganya mimi," akasema. "Huyu hana kosa. Nilitaka ntu wa kunitania."

"Lakini babu, anakuambia utakufa," Bi Valentina akasema.

"Mwanangu, humu wote wananiambia nitapona. Nina miaka themanini na nne, nitapona nini? Huyu peke yake anagombana na mimi kama ntu niliye hai."

Modest akavuta daftari la uzito, akaweka kidole kwenye arobaini na moja, akakishusha hadi arobaini na saba. Bi Valentina aliitazama ile namba, akaikata kwa mstari mmoja taarifa aliyokwisha kuiandika. Kabla hajaondoka alimwomba Modest aongeze swali kwenye fomu ya kumpokea mzee, chini ya dawa anazotumia: mtani wake ni nani?

Barazani Winfrida alimrudishia mzee kofia, maana jua lilikuwa kali.

"Ulijua?" mzee akauliza.

"Tangu siku uliponiambia. Ukitaka kudanganya tena, badilisha na jina."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, akaangalia ncha ya fimbo yake.

"Sasa wewe si ntani tena. Lile la kaburini litakuwaje? Wanangu wako mbali."

Winfrida alihisi machozi yanamlenga, akayaacha.

"Mjukuu naye hutania, babu. Nitakuja, nitalala, na sitoki bila kuku."

"Kuku wawili," mzee akasema, akaivuta kofia vizuri. "Usije ukaniaibisha."