Mama mkwe kafukuza tembo hifadhini

Jamani, msinicheke: leo mama mkwe wangu amefukuza tembo hifadhini!

Mama ni mkulima wa mtama kule kijijini Busi, jirani na hifadhi. Mimi na mume wangu tukasema tumtoe kidogo, akatalii vilima vya hifadhi kama watu wengine.

Tangu asubuhi tunazunguka na vumbi. Hatuoni hata swala.

Mchana, nyuma ya miti, tembo hawa hapa! Jike na mtoto wake, karibu kabisa na gari.

Nikatoa simu taratibu.

Mama naye akatoa mkono dirishani, akaanza kuupiga mlango wa gari kama anavyopiga debe shambani. "Tokaaa! Tokeni hapa, wezi wakubwa nyie!"

Tembo wakatimua mbio. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza akashika kichwa. Nimepata picha ya vumbi tupu.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, si tumekuja kuwaona?"

Akanigeukia. "Mwanangu, mimi niliwaona mwaka jana. Walimaliza shamba lote, tukalala njaa. Wewe wamekula nini chako?"

Sasa tumerudi nyumbani. Hasira bado ninazo, ila sijui nimkasirikie nani.

Hebu semeni, nyie mngemjibuje?