Laibrari ya Video Niliyoiua kwa Ushauri wa Bure

Wiki nzima swali moja lilininyima usingizi: nimwambie mama kwamba laibrari yake ya video haikuuawa na mvua, niliiua mimi, au niiache mvua iendelee kubeba lawama? Mvua ya Tukuyu imezoea. Inasingiziwa mafua, nguo zisizokauka, hata wachumba wanaochelewa. Ikiongezewa kosa moja isingeona tofauti.

Tangu nikiwa darasa la nne, mama alikuwa akikodisha CD za muvi katika chumba kimoja karibu na stendi. Mteja alichukua CD, akaacha kitambulisho kama dhamana, kesho yake akairudisha. Asiye na kitambulisho aliacha chochote ambacho kwao wangekitafuta: kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo. Mwanakwaya mmoja aliwahi kuacha kitabu chake cha nyimbo mpaka Jumamosi jioni. Anayefuata dhamana yake lazima aione rafu, na akishaiona hatoki mikono mitupu. Mtego wote ulikuwa huo. Haukuhitaji shahada.

Kwa bahati mbaya nilirudi na shahada. Ya biashara, tena. Siku tatu niliitazama ile rafu kwa huruma ya msomi, kisha nikamweleza mama habari za mageuzi ya kidijitali.

"Watu waje na flashi, mama, tuwajazie muvi, waondoke. Hakuna kurudisha, hakuna dhamana, hakuna usumbufu."

"Sasa wakishaondoka, watarudi kufuata nini?"

Nikacheka kwa upole, kama mhadhiri aliyeshindwa swali.

Wiki ya kwanza foleni ilifika kwa fundi viatu. Nikajiona waziri. Wiki ya tatu hakukuwa na foleni. Kumbe kijana mmoja wa Kiwira alikuwa amejaziwa flashi moja, na flashi hiyo imetembea nyumba kwa nyumba kuliko mchungaji. Usumbufu niliouondoa ndio uliokuwa biashara yenyewe. Nilijitetea kwamba simu na bando vingeiua laibrari hata bila mimi. Kisha nikajijibu kwamba mgonjwa atakayekufa kesho hajatoa ruhusa ya kunyongwa leo.

Mama aliendelea kufungua kila asubuhi na kufuta CD vumbi.

"Mvua ikikatika watarudi," alisema.

Nimezaliwa hapa hapa Rungwe. Najua mvua hiyo hukatika lini. Kodi ya chumba sasa ilitoka kwenye ndizi za shamba letu la Lufingo, mkungu baada ya mkungu, na sisi tukala kilichobaki. Ndipo muuza mbolea na miche ya parachichi akataka mama amwachie upangaji wa chumba, akampa mpaka Ijumaa kujibu. Mama akamwambia asubiri mvua ikatike. Mimi nikaandaa namna kumi na moja za kuungama. Moja ilikuwa na mchoro.

Ijumaa asubuhi nilimkuta na kitambaa chake cha vumbi. Nikasema bila mchoro.

"Mama, si mvua. Ni zile flashi. Ni mimi. Mpe yule bwana chumba."

Alifuta CD moja mpaka ikang'aa kana kwamba inakwenda harusini.

"Miaka mitatu chuoni," alisema, "kujifunza kufukuza wateja bila kuwatukana."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ningelazimika kuwatukana."

Sikujua kama nicheke. Alivuta droo. Ndani zilijaa dhamana za watu ambao, flashi zilipokuja, hawakuona tena sababu ya kurudisha CD zetu.

"Na hizi je? Nazo utazijaza kwenye flashi?"

Alichukua simu akampigia muuza mbolea. Alipokuwa akimwambia aje na futi apime chumba, mimi nilizifunga zile kadi na vyeti kwenye kitambaa cha vumbi, nikavaa koti la mvua, nikaanza na cheti cha ubatizo cha mteja wa mtaa wa Kawetele.

Mwenyewe, mama wa makamo, alikipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru. "Ngoja basi nikuletee CD yenu."

Akaingia ndani kuitafuta. Nikamsubiri mlangoni, nikinyeshewa.