Koti Jeupe la Jirani

Nikisikia harufu ya wanga wa muhogo chini ya pasi ya makaa, wivu hunirudia.

Ndui ilipoingia Kamina, hoteli ya stesheni ilibakiza wafanyakazi waliokwisha kuiugua tu, maana haingewapata tena. Baba, aliyewekwa kuhudumia mezani kwa ajili ya uso wake laini, akaachishwa kazi. Jirani yetu muosha sahani, mwenye makovu ya ndui, akapewa koti jeupe la baba, na mkewe akawa analipiga pasi uani, mbele ya macho yetu.

"Ile sura yake ya matundu njo inamulisha leo," mama akasema.

Nikalaza shavu juu ya punje za mahindi zilizoanikwa mkekani, nikakandamiza mpaka likauma. Nilipoinuka, nikamwonyesha baba alama.

"Baba, na weye lala hapa."