Saa Nne ya Bahari

Mzee wangu alipanga safari ya bahari juu ya meza yangu ya kulia chakula, huku kwetu mlimani, juu ya Same, ambako mito mingi unaivuka kwa kukunja kanga tu. Sufuria yangu ya wali ikawa kisiwa, kinu kikawa bara, katikati akamwaga maharage kuonyesha mkondo. Nilimwambia hayo maharage ni ya mchana na nimeshayachambua. Wapi! Mume wangu huyu akishika jambo, hata umpigie kengele ya kanisa sikioni hageuki.

Sababu ya yote ni mama yangu. Binti yetu anaishi kisiwani na alikuwa amejifungua, na mama, ambaye macho yake yanazidi kufifia, alitaka kuuona uso wa kitukuu chake angali anaona. Kupanda boti na watu asiowajua alikataa katakata. Angepanda na mkwewe tu, kwa sababu ndiye aliyempandisha na kumshusha kona za mlima wetu kwa pikapu miaka yote. Mume wa binti yetu alikuwa safarini kikazi, ameiacha boti yake ndogo ya mashine upande wa bara, akasema baba aichukue. Na mzee wangu ujanani aliwahi kuendesha boti ya mashine kule bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo alishajiona nahodha.

Kilichomtoa jasho ni nani akae wapi. Kwetu mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa mbali. Tangu anioe hawajawahi kushikana mikono. Wanaamkiana yeye akiwa mlangoni na mama akiwa jikoni. Sasa kwenye kiboti kile heshima hiyo utaiweka wapi? Akaamua mama akae mbele, mimi katikati niwe ukuta, yeye nyuma kwenye mashine.

Suala la maji alilimaliza kwa simu moja. Alimuuliza binti maji hujaa saa ngapi, akajibiwa saa nne asubuhi. Basi, imekwisha hiyo. Sisi ni watu wa ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba: linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa saa ile ile, mwaka nenda mwaka rudi. Wala mimi sikuona kosa.

Wiki ikapita, kila jioni maharage yakimwagwa upya mezani. Jioni ya kuamkia safari binti akapiga simu kuuliza tutavuka saa ngapi. Aliposikia saa nne akamweleza baba yake kwa upole kwamba ile saa nne ilikuwa ya siku aliyouliza. Bahari husogeza saa yake kila siku, na kwa sasa saa nne ni mchanga mtupu. Boti haitaelea mpaka alasiri.

Jamani, nilimwonea huruma. Aliyaokota maharage yake, akayarudisha kwenye ungo, akasema safari ivunjwe, maana mama wa watu anamkabidhi roho yake na yeye hata saa ya maji haijui.

Mama alikuwa jikoni, amesikia yote.

"Mwambie mkwe wangu," akaniambia, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe, "mimi nimesubiri zamu ya maji ya ndiva tangu nikiwa msichana. Nitashindwa kusubiri ya bahari?"

Asubuhi tukashuka mlima, usiku tukalala pwani. Kesho yake tulishinda ufukweni, boti imelala ubavu mchangani, mama amevaa jaketi la kujiokolea juu ya kitenge tangu asubuhi, kulivua hataki. Maji yalipofika na boti ikaanza kutikisika, mama akarudi nyuma hatua moja. Nikamnyooshea mkono. Akanipita.

"Nishike, mwanangu," akamwambia mzee wangu.

Mpango wote wa maharage ukafa pale pale. Mama alikaa nyuma, ubavuni mwake, akamshika mkono mpaka ng'ambo, naye akaendesha kwa ule mmoja uliobaki, hata jasho asiweze kujifuta. Tulipokaribia, binti yetu alikuwa amesimama ufukweni. Mama akakunja uso, akatazama sana.

"Kile cheupe kifuani mwake," akauliza, "ni shuka, au ndiye?"

Mzee wangu akanitangulia kujibu.

"Ndiye, mama."